Pepo Aliyempiga Mama

Kishindo kimoja. Kizito, kama gunia lililoachiwa kutoka begani, kisha kimya. Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, nikilala na bibi kwenye chumba cha uani huko Jang'ombe, kishindo hicho kiliniamsha mara nyingi, na kila mara bibi alinivuta kwake, akanifunika kanga mpaka machoni, akasema kwa sauti ya mtu anayekwambia kwamba mvua inanyesha: "Lala. Pepo wa mamako huyo."

Nami nililala. Hili huniwia tabu kuwaeleza watu. Wanadhani mtoto anayesikia mamake akipigwa hukesha akitetemeka. Mimi nilikuwa nimeshaelezwa, na jambo lililoelezwa na mtu mzima halimtishi mtoto. Wenzangu walikuwa na mama wenye sukari, wenye presha, wenye pumu. Wa kwangu alikuwa na pepo.

Asubuhi nilimkuta mama amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, jicho moja limefumba, na baba amechutama mbele yake akimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Baba alikuwa na mikono miepesi. Alikikamua kitambaa taratibu, akakipulizia kwanza kisiunguze, akakiweka pale palipovimba, na huku akisikitika: pepo gani huyu asiye na huruma. Majirani waliingia kwa mlango wa uani na hodi zao, wakamtazama mama, wakamtazama baba na moyo wake ule, wakatoka wakisema mwanamke yule kajaliwa mume. Baadaye baba alivaa shati lake la kazi akateremka Malindi, bandarini, alikokuwa karani wa mizigo, na jioni alirudi na mkate wa ufuta uliofungwa gazeti, bado una moto, nusu yetu na nusu ya watoto wa jirani. Sijawahi kumsikia akimtolea mtu sauti barazani. Watu walimpenda, na mimi nilimpenda kuliko wote.

Kwetu mtu mwenye pepo huitwa kiti. Pepo humkalia. Akinyimwa anachokitaka humuadhibu kiti chake, na alama huonekana kunapokucha: mikwaruzo, michubuko, mahali palipofinywa. Dawa yake ni kupungwa, yaani kupandishwa pepo mwenyewe aseme. Kwanza ataje jina. Akishalitaja huulizwa anataka nini, pete, au shuka, au mbuzi wa rangi fulani, hupewa, na hutulia. Asiyetaja jina hakuna wa kuelewana naye. Pepo wa mama alikuwa wa aina hiyo. Mama alikuwa ameshapungwa mara tatu tangu kuolewa, na mara zote tatu pepo alinyamaza kama ukuta.

Mama mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa ametokea shamba, upande wa kaskazini, na alilelewa kwa adabu za zamani, ambazo miongoni mwake ni kwamba mke hamtaji mumewe kwa jina. Baba alikuwa "yeye", au "mwenyewe", au "babake Salha". Akimhitaji na yuko barazani na wanaume, alinituma mimi. Jina lake nililijua kwa sababu lilifuata langu kwenye kila daftari la skuli. Siku moja nilimpa mama daftari jipya aone kama nimeandika vizuri. Alisoma "Salha" kwa sauti, akakipitisha kidole juu ya neno la pili bila ya kulitamka, akalifunga daftari, akanambia mwandiko umenyooka.

Bibi, mamake baba, ndiye aliyekuwa mjuzi wa mambo haya nyumbani. Jina lake Mize, na mtaa mzima ulimwita Bi Mize. Hakuwa mtu mbaya. Alimpikia mama uji siku ambazo mama hakuweza kutafuna. Jioni moja, mama ameshika ukuta akielekea chooni, bibi alimfuata kwa macho, akasema polepole kama anazungumza na kijaluba chake cha tambuu: "Atachoka tu. Hata mimi nilikuwa naye, tena mkali kuliko huyu. Alinitoka mwaka aliokufa babu yako."

Nilikuwa nimekaa miguuni pake nikichambua mchele. Nililisikia neno lile, nikalitia moyoni pamoja na mengine aliyonifundisha, wala halikunishitua. Nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini, nimekaa kwenye mhadhara huko chuo kikuu nikiandika maelezo ya mwalimu, lilipoibuka tena, na kalamu ikanisimama mkononi.

Kwani pepo hurithiwa. Bibi alinambia hivyo tangu sijang'oa jino la kwanza: wa kwake kampita, kamkalia mkwewe, na siku moja atanihamia mimi, kwa sababu nina nyota hiyo, inaonekana kwenye paji la uso. Nilijitazama kwenye kioo cha kabati nikitafuta hiyo nyota. Wasichana skuli walinipisha kwenye foleni. Mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyewachapa wenzangu kwa kukosa aya, aliniwekea bakora yake chini. Nani asiyetaka kuwa hivyo? Nilianza kujipiga. Nilichukua mwiko na kujigonga mkono, juu kidogo ya kiwiko, mahali pamoja, mpaka paliposawijika, kisha nikavaa gauni la mikono mifupi nikaenda mferejini kuteka maji. Wanawake walinong'ona. Nilitembea polepole wapate kuona vizuri. Sikujua bado nitakuwa mtu gani maishani, lakini nilikuwa nimeshakuwa kiti, na nilikuwa nikijivunia.

Rafiki yangu mmoja tu hakuwa akiniogopa. Alikuwa Rahma, mtoto wa nyumba ya pili. Mchana mmoja tulikuwa mferejini, maji yanatiririka kidogo kidogo, na kila mmoja ana ndoo yake ya bati. Nilimwambia aniachie nijaze kwanza. Alikataa. Nikamwonesha mkono wangu uliosawijika. Rahma akacheka, akaangalia kushoto na kulia, akasema mbele ya wasichana wengine watatu: "Mama yangu kasema pepo wenu anavaa suruali."

Wasichana wakaangua kicheko. Sikuelewa maana yake. Naapa sikuielewa, lakini mwili wangu ulielewa. Niliinyanyua ndoo kwa mpini wake, nikampiga nayo usoni. Ukingo wa bati ulimpasua nyusi. Alianguka chali kwenye tope, na mimi nikampanda kifuani nikampiga tena, na tena, kwa ndoo, kisha kwa ngumi ndoo iliponiponyoka. Damu yake ilikuwa ya moto. Nakumbuka nilistaajabu jinsi ilivyo nyepesi kazi ile, jinsi mkono unavyojua pa kwenda. Wasichana wakapiga mayowe. Mtu mzima mmoja alinishika kwa nyuma, akanitenga, na nilipomwona Rahma ameushika uso wake kwa mikono miwili na damu inapita katikati ya vidole, nilisema neno lililokuwa karibu kabisa na ulimi wangu.

"Si mimi."

Na waliamini. Hilo ndilo lililonitisha baadaye, nilipokua. Mamake Rahma alikuja nyumbani mbio, buibui linaburura vumbi, amemshika mtoto wake mwenye kitambaa kilicholowa damu, anataka kujua nani kamuua mwanawe. Bibi alitoka, akamwelezea kwa sauti ya msiba: pepo kamhamia Salha, tumemwona na sisi leo. Mamake Rahma, mwanamke yule yule aliyekuwa na lake la kusema jikoni kwake kuhusu pepo wetu, alinitazama, akarudi hatua moja, akashusha sauti. Alisema poleni. Kisha akampeleka mtoto wake hospitali kushonwa.

Jioni baba alirudi. Bibi alimsimulia yote mlangoni. Nilikuwa nimejificha nyuma ya kabati nikingoja kuchapwa, kwa sababu kitu fulani ndani yangu kilijua kwamba ninastahili. Baba aliweka mkate wake juu ya meza, akaja, akapiga magoti mbele yangu. Aliniwekea mkono kichwani.

"Si wewe, mwanangu," alisema. "Sisi tunajua si wewe."

Macho yake yalikuwa na machozi. Sijapata kuwa karibu na baba kama nilivyokuwa dakika ile. Alinitazama kama mtu aliyekuwa peke yake kwenye kisiwa kwa miaka, na leo ameona mwenzake anashuka pwani.

Mama alikuwa jikoni akikuna nazi. Mlango ulikuwa wazi, alisikia kila neno. Alingoja mpaka baba alipotoka kwenda kusali. Ndipo aliponiita. Aliushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza huku na huku, akautazama kwenye mafundo ya vidole palipochubuka. Niliuona uso wake ukibadilika. Alikuwa ameyaona mafundo kama yale mara nyingi, kwenye mkono mwingine.

Aliniuliza nilimpiga Rahma kwa kitu gani. Nikaanza kusema kwamba pepo ndiye aliye—

"Nnakuuliza wewe."

"Kwa ndoo."

"Mara ngapi?"

Nikasema sikumbuki.

"Unakumbuka," alisema mama. "Anayepiga hujua." Akauwachia mkono wangu, akarudi kwenye nazi yake, na kwa muda mrefu sikusikia ila meno ya mbuzi yakila kifuu.

Bibi aliamua kwamba tupungwe sote wawili pamoja, mama na mwana, siku ya Alkhamisi, na fundi wa kupunga aje kutoka Bububu, kwa sababu wale watatu wa mwanzo walikuwa wa mjini na wameharibiwa na mjini. Mama aliomba mimi niachwe. Alimwomba bibi mara mbili, na mara ya pili alimshika miguu. Bibi alimwambia asilolijua asiliingilie: akipandishwa mmoja peke yake, pepo atajificha kwa mwingine, na mtoto ndiye atakayelipia maisha yake yote.

Yaliyotokea baada ya siku ile niyaseme hapa hapa, niyatoe njiani. Mimi na mama tuliondoka Jang'ombe kabla ya kupambazuka Ijumaa, tukaenda kukaa na dada yake, na talaka yake mama aliipata baada ya kwenda na kurudi kusikohesabika. Nusu ya wanawake waliokuwepo walisema pepo ni mwongo, kasema vile ili avunje nyumba ya watu wema, na wapo mpaka leo wanaosimulia hivyo. Nusu nyingine hawakusema chochote. Mmoja wao alikuja usiku akamtilia mama kanga mbili kwenye mfuko wake wa safari, akaondoka bila ya kuaga. Bibi alikufa bila ya kusema na mama tena, ingawa kila Sikukuu aliniletea gauni.

Baba hakuoa tena. Nilipomaliza chuo kikuu nilikwenda kumwona. Alikuwa amestaafu, amekonda, bado anapendwa barazani. Nilimuuliza uso kwa uso kuhusu vile vishindo vya usiku. Akanambia, "Wallahi mwanangu, sikumbuki." Na mimi nilimwamini, kitu kilichonikasirisha zaidi kuliko kama angekanusha. Alikuwa na mama aliyemwambia si yeye, majirani waliomwambia si yeye, na mke ambaye adabu ilimfunga mdomo. Alizungukwa na watu waliompenda kiasi cha kumwondoa kwenye mikono yake mwenyewe. Mtu akiambiwa kila asubuhi kwamba hakuwepo usiku, mwishowe huanza kutokuwepo. Hilo halimwondolei lake hata kidogo. Alikuwepo, na alipiga. Lakini ninaposikia watu wakisema fulani kazaliwa mkatili, hunijia uso wa baba, macho yana machozi, akinikaribisha.

Ningeweza kukua nikawa yeye. Nilikuwa nimeshaanza, tena vizuri. Na nisingekuwa yeye ningekuwa bibi, nikimfunika mjukuu kanga usoni. Vazi lilikuwa limeshashonwa, limepimwa mwilini mwangu kabla sijajua kusimama, na kila mtu niliyempenda alikuwa ametia uzi wake. Ilinichukua miaka mingi kujifunza sentensi fupi kabisa. Nilimfuata Rahma nyumbani kwake, ameshakuwa mke wa watu, kovu linaigawa nyusi yake mara mbili. Nilikaa kitako, nikanywa kahawa niliyopewa, nikamwambia: ni mimi niliyekupiga. Rahma alinitazama kama ninamchekesha. "Kwani nani alikwambia sijui?" alisema, akanimiminia kahawa nyingine.

Siku ya Alkhamisi, basi. Ilikuwa baada ya Alasiri, jua kali limejaa uani. Wanawake kiasi cha kumi na tano walikaa kwenye mikeka kuzunguka ukuta. Baba alikuwa barazani na wanaume, upande wa pili wa mlango, kwa sababu wanaume hawaingii. Tulimsikia akizungumza na kucheka kidogo. Fundi aliitwa Bi Mwaka. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya muuza samaki, na fimbo yake ya henzirani ilikuwa nyembamba na nyeusi kwa mafuta.

Tulikalishwa mimi na mama bega kwa bega, tukafunikwa shuka moja nyeupe ya bafta, na chetezo kikawekwa katikati ya magoti yetu. Ubani ulinipanda puani, machoni, kifuani. Ndani ya shuka dunia ilikuwa nyeupe na chungu. Nilisikia mama akipumua kwa mdomo. Upande wa mbavu zake uliokuwa karibu nami ulikuwa umevimba, na kila nilipoyumba nikamgusa alikaza mwili, lakini hakuniambia nisogee.

Ngoma ilipigwa. Bi Mwaka akazunguka, akauliza kama wanavyouliza mafundi: nani wewe uliyepanda kiti hichi, umetoka wapi, unampigia nini, taja jina lako. Henzirani ikashuka mgongoni mwa mama. Mama alinyamaza. Aliulizwa tena, akapigwa tena, na tena. Nilizihisi fimbo zile zikipita kwenye bega lake kuja kwenye langu. Wanawake walimsihi pepo kwa maneno matamu, sema bwana, sema tukupe. Alinyamaza vile vile alivyonyamaza mara tatu zilizopita.

"Huyu kaondoka," alisema Bi Mwaka akihema. "Yuko kwa mtoto."

Fimbo ya kwanza ilinikata pumzi. Sikuwahi kupigwa nyumbani. Baba hakuwahi kuninyooshea hata kidole. Nilidhani nitaona fahari, kwamba hii ndiyo siku yangu. Niliona moto tu. Bi Mwaka akauliza nani wewe, na mimi, nikikumbuka yale aliyonisimulia bibi ya aina za pepo, nikaigeuza sauti ikawa nzito, nikasema mimi ni ruhani.

Mtu mmoja alicheka. "Ruhani gani anatoka makamasi?" alisema Bi Mwaka, na wengine wakacheka pia, na fimbo ya pili ikaja. Nikasahau uruhani wote. Nikamwita mama.

"Simtaki mamako," alisema Bi Mwaka juu ya kichwa changu. "Nnataka jina la anayepiga watu nyumba hii. Nitajie jina, nikuachilie."

Nilikuwa ninalo. Nafikiri nilikuwa nalo wakati wote, limekaa nyuma ya meno yangu, lakini sikujua kwamba ndilo linaloulizwa. Nililia tu. Niliona kivuli cha mkono wake kikinyanyuka kwenye weupe wa shuka, nikaubana mwili kuipokea ya tatu.

Haikufika. Shuka ilivutwa, jua likatuingia machoni, na mama alikuwa amesimama. Ameikamata henzirani katikati, juu ya kichwa changu. Ngoma ikakosa pigo moja, kisha ikaacha. Huko barazani nako wakanyamaza, maana ngoma ikikatika ghafla kila mtu hutega sikio.

Wanawake walingoja sauti ya ajabu, ya kiume au ya kigeni, kama za pepo zinavyokuwa. Mama alisema kwa sauti yake, ile ile ya kunituma dukani.

"Mwache mwanangu. Huyu hana pepo, wala mimi sina." Akageuka, akautazama mlango wa barazani. "Anayenipiga ni mume wangu. Ni Masoud."